"Mlete Fundi Wako"

Dar es Salaam hii hukosi spea ya pikipiki. Kariakoo zipo, Gerezani zipo, na ukienda Mbagala, Buguruni, Manzese au Tegeta, kila penye kijiwe cha bodaboda pana mtu ameweka kabati la kioo, katundika cheni na waya za klachi, ndani ana plagi, brek shuu na balbu. Shida inaanza unapotaka kujua unachouziwa. Ukiuliza kipimo, unaulizwa fundi wako nani. Ukiuliza imetengenezwa wapi, unajibiwa "hii ndiyo wanachukua wote." Ukiomba kufungua pakiti uilinganishe na ya zamani uliyokuja nayo mkononi, muuzaji ananuna.

Naandika kwa ajili ya watu wa aina yangu, wenye pikipiki moja ya kwendea kazini, wanaoifungua wenyewe uani siku ya mapumziko. Sina ugomvi na mafundi. Nilichokijua nimekijua kwa kukaa pembeni yao nikiwashikia tochi, na mpaka leo kazi ya kupasua injini mpaka kwenye krenki nampelekea fundi. Lakini kubadilisha cheni, beringi, plagi, sili na brek shuu, kusafisha kabureta na kurekebisha valvu ni kazi ambazo mtu mwenye spana nzuri na subira anazimaliza nyumbani. Mimi spana hazijawahi kunishinda kama kaunta inavyonishinda.

Chukua mfano wa sili. Nyuma ya sproketi ya mbele, pale shafti ya gia inapotokeza nje ya injini, kuna sili ya mpira inayozuia oili isitoke. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ikichoka, oili inajikusanya ndani ya kava, inachanganyikana na vumbi na grisi ya cheni, inakuwa tope jeusi. Chini huoni hata tone, kumbe injini inakaukiwa siku hadi siku. Kwenye pikipiki nyingi tunazoendesha hapa, kuibadilisha hakuhitaji kufungua injini. Unatoa kava, unatoa cheni na sproketi, unaichokonoa ya zamani taratibu usije ukakwaruza shafti, unaipaka mpya oili kwenye mdomo, kisha unaisukuma iingie bila kulala upande.

Yangu ilipochoka nilianzia kwa wakala anayeuza pikipiki za chapa hiyo hiyo. Duka zuri, kiyoyozi, pikipiki mpya zimepangwa mlangoni. Nikamwekea kijana wa kaunta sili ya zamani na kadi ya pikipiki. Hakuvigusa.

"Pikipiki iko wapi, kaka?"

Nikamwambia iko nyumbani, imefunguliwa.

"Ilete."

Itakujaje, haina sproketi?

"Basi mlete fundi wako."

Nikamjibu fundi ni mimi. Akatabasamu, kwa adabu kabisa, akasema sili hiyo haiuzwi peke yake, nichukue seti nzima ya gasketi na sili za injini. Nikamwomba aangalie kwenye katalogi. Kompyuta ilikuwa mbele yake, inawaka. Akasema anayeangalia ametoka, na hakujua anarudi saa ngapi.

Hapa ndipo panaponiuma. Kiwanda cha pikipiki hutoa katalogi ya spea, yaani michoro inayoonyesha mashine imetawanywa kipande kimoja kimoja, hadi washa na pini, kila kimoja na namba yake. Na pikipiki yenyewe ina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye shingo ya usukani na imeandikwa kwenye kadi. Mwanzo wake tu unakwambia imetoka kwa nani: za Bajaj kutoka India huanza na MD2, za TVS huanza na MD6. Mwenye katalogi akishapewa chesisi hana haja ya kuiona pikipiki, wala kumwona fundi. Anafungua ukurasa wa shafti za gia, anasoma namba, anakwenda kwenye rafu. Kama haipo anasema haipo, na anakuandikia namba ukaitafute kwingine au uagize. Kijana yule alikuwa na kila kitu cha kunisaidia, akachagua kunirudisha.

Namtaja wakala kwanza kwa makusudi, maana tumezoea kuwasema wenye vibanda. Mwenye kibanda hana katalogi, hajapewa mafunzo na kiwanda chochote, anauza kwa uzoefu wa macho. Wakala ndiye aliyeniuzia pikipiki akinihakikishia kwamba spea zipo. Kama spea zipo kwa ajili ya gereji yake tu, angeniambia mapema, nami ningenunua nikijua.

Kutoka kwa wakala njia ni moja, Kariakoo. Ukishuka mwendokasi hujavuka hata barabara, winga, yaani dalali wa mitaani, ameshakudaka: "Bosi, spea? Ya nini? Twende." Simlaumu winga. Anajua duka gani lina nini kuliko wewe utakavyokuja kujua, na siku ya haraka anaweza kukuokoa. Ila chake anakipata kwa kupandisha bei juu ya bei ya duka, kwa hiyo mkishaingia wote wawili, muuzaji hazungumzi na wewe tena. Anamtazama winga. Bei inapita juu ya kichwa chako.

Jirani yangu dereva wa bodaboda aliwahi kuniagiza waya wa klachi wa Boxer. Nikaingia duka la kwanza.

"Waya wa klachi wa Boxer."

Pakiti ikatua kaunta kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikauliza ni ya Boxer ipi.

"Boxer ni Boxer, kaka."

Boxer iko ya 100, iko ya 125, iko ya 150. Hiyo ya 150 injini yake ni cc 144.8, na hazikutoka zote mwaka mmoja wala na umbo moja. Nikatoa waya wa zamani nikaomba nivinyooshe viwili hivyo pale kwenye kioo. Akanijibu kwamba pakiti ikifunguliwa ni yangu. Yaani nilipe kwanza, nijue baadaye. Na ukutani nyuma yake pameandikwa kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nimejiuliza sana kwa nini mambo yako hivi, na jibu ninaloliona kila ninaposimama kwenye kaunta hizi ni cha juu, yaani hela inayoongezwa juu ya bei kwa ajili ya anayeleta mteja. Biashara ya spea imejengwa juu ya fundi. Fundi ndiye analeta mteja, au anatumwa na mteja, na duka linamwekea chake ndani ya bei. Spea ya elfu nane inaandikwa elfu kumi na mbili, fundi anapita baadaye kuchukua tofauti. Tusijifanye hatujui chanzo. Wateja wenyewe hatutaki kulipa ufundi. Mtu analalamikia elfu tano ya kazi iliyochukua nusu siku, ila akiambiwa spea ni elfu arobaini anatoa bila neno, kwa sababu spea anaishika mkononi. Basi fundi anakula kwenye spea. Mimi nisiye na fundi nikifika kaunta, napewa bei ambayo ndani yake kuna chakula cha fundi ambaye hayupo. Nikianza kuuliza vipimo, muuzaji anaona mtu anayetaka kuvuruga utaratibu unaomlisha yeye na wenzake. Kunitaka nimlete fundi ni njia yake ya kuurudisha.

Wana pia hoja yao, nami naikubali. Kuna watu wananunua kitu, wanakifunga vibaya, wanakiharibu, kisha wanarudi nacho wakidai kilikuwa kibovu. Vya umeme ndivyo vinavyoongoza. CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoamuru plagi itoe cheche, inaweza kufanana na nyingine kwa kila kitu, umbo lile lile, soketi ile ile, kumbe moja inalishwa na koili ya chaji iliyoko ndani ya injini na nyingine inalishwa na betri. Ukichomeka isiyo yake pikipiki haiwaki, na CDI yenyewe inaweza kufa palepale. Muuzaji akikataa kurudishiwa CDI iliyokwishachomekwa, namwelewa. Lakini dawa ya ugomvi huo ni kuniruhusu nilinganishe na kusoma maandishi kabla sijatoa hela. Anayenikataza kupima halafu akanikataza kurudisha amenifungia milango yote miwili.

Halafu kuna hili la "orijino." Neno hili limechoka jamani. Kila kitu ni orijino, mpaka pakiti iliyokosewa herufi za jina la kiwanda. Mimi sina chuki na spea ya kopi. Bodaboda wengi wa jiji hili wanatembelea kopi, wanajua ni kopi, wamepiga hesabu zao wakaona brek shuu ya bei nafuu inayobadilishwa mara kwa mara inawalipa zaidi. Huo ni uamuzi wa mtu mzima mwenye taarifa. Kinachonikera ni kopi inayovalishwa boksi la kampuni na kuuzwa kwa bei ya kampuni. Breki hizo anazifunga mtu anayebeba mtoto kwenda shule. Sheria ya kupambana na alama bandia za bidhaa tunayo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Ukikuta pakiti ya namna hiyo ihifadhi pamoja na risiti, uipeleke kwao. Ukiitupa jalalani, umemsaidia aliyeichapisha.

Nimetaja risiti, na hapo pana mtihani mwingine. Utaulizwa: "Unataka na risiti au bila risiti?" Ukisema na risiti, bei inapanda. Wengi tunachagua bila, tunaokoa shilingi chache, na tunaondoka bila ushahidi kwamba tulifika pale. Nashauri, kwa kitu chochote ambacho kikiwa kibovu kitakuumiza mwili au mfuko, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iseme ni kitu gani. Risiti iliyoandikwa "spea" peke yake inathibitisha kodi, haithibitishi kwamba ulimwomba beringi ya namba fulani akakupa nyingine. Na yale maandishi ya ukutani yasikutishe kiasi hicho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji akupe kitu kinacholingana na alivyokieleza. Ukimwambia unakitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake katika kuchagua, kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Sijasema ukafungue kesi kwa ajili ya waya wa klachi. Nasema ukirudi dukani na risiti inayosema ukweli, unaongea ukiwa umenyooka.

Sasa kilichonisaidia kuliko vyote ni namba. Spea nyingi zina namba mwilini, na namba hiyo si siri ya duka lolote.

Beringi ndiyo rahisi kuliko zote. Itoe ya zamani, ifute kwa kitambaa chenye petroli, soma ubavuni. Ukikuta 6301, ile 6 ni aina, yaani beringi ya gololi ya kawaida. 3 ni familia yake ya ukubwa wa nje na unene. Tarakimu mbili za mwisho zinakupa tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa hiyo 6301 ina tundu la milimita 12, kwa nje ni 37, unene 12. Ikifuatiwa na 2RS ina mpira pande zote mbili, ikifuatiwa na ZZ ina kifuniko cha bati. Mvua za masika na madimbwi yetu, mimi kwenye magurudumu naweka ya mpira. Uzuri wake ni kwamba beringi haijui inakwenda kwenye pikipiki. Namba hiyo hiyo imo kwenye mota na mashine za kila aina, kwa hiyo huna haja ya duka la pikipiki. Nenda Gerezani kwa wauza beringi na sili, sema namba, utajibiwa kwa namba.

Cheni nayo inajieleza. Nyingi za hapa ni 428: ile 4 ni hatua kutoka pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi, yaani nusu inchi, na 28 inahusu upana wa ndani. H ikifuata, bati zake ni nene zaidi. Kinachobaki ni kuhesabu pingili zako na meno ya sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa inakufa mapema. Kwenye plagi za NGK, tarakimu ya katikati ni joto, na inavyokuwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Ukimwomba D8EA akakupa yenye 7, usikubali aseme ni ile ile. Tairi lina tarakimu nne ndani ya duara refu, wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia limeingia juzi, anaweza kuwa mkweli kabisa, limeingia juzi likiwa zee.

Sili yangu hatimaye niliipatia kwa wauza beringi. Namba zake zilikuwa zimefutika. Sili ikiwa nzima husomeka kama 20 34 7, kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Yangu ilibaki na tarakimu moja tu na alama ya kucha ya bisibisi. Duka dogo, droo za mbao hadi darini, na nyuma ya meza mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono umeshanyooka kuipokea. Akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga, akavuta droo akatoa venia, kile kipimo cha chuma cha kupimia milimita. Akapima nje, akapima unene, ndani hakupima.

"Shafti umeipima?"

Nilikuwa nimeipima, nimeandika kwenye kikaratasi. Nikampa.

"Vizuri, mwanangu. Mdomo wa sili ukichoka unadanganya. Shafti haidanganyi."

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna kaunta iliyowahi kuniambia. Iko sili ya SC, yenye mdomo mmoja wa kuzuia oili, na iko ya TC, yenye mdomo wa pili mdogo unaozuia vumbi lisiingie. Pale nyuma ya sproketi, palipojaa mchanga wa cheni, nichukue TC. Akaweka zote mbili mbele yangu, akapitisha ncha ya kidole ndani ya kila moja ili nami niguse nione tofauti. Aliandika kipimo kwa peni kwenye kipakiti, "ili siku nyingine usihangaike." Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile seti ya gasketi niliyotakiwa kuinunua kule kwenye kiyoyozi. Hakuniuliza fundi wangu ni nani.

Tangu hapo huyo ndiye mtu wangu, na nimemwelekezea majirani. Wauzaji wanaoogopa kwamba mteja anayejua atawapotea wamtazame mzee huyu. Siku za mwisho wa juma hapo kwake unapanga foleni.

Kwa wanawake kaunta hizi ni nzito maradufu. Dada yangu anauza mayai ya jumla, anasambaza maduka ya Mbagala kwa pikipiki anayoiendesha mwenyewe, trei zimefungwa nyuma. Gurudumu la nyuma lilipoanza kucheza, mayai yakaanza kupasuka, tena yale ya chini. Akaenda kuulizia beringi dukani kwa jirani akaambiwa: "Dada, mwambie shemeji aje, au mlete fundi." Shemeji mwenyewe hajui hata kuwasha pikipiki. Na bei aliyotajiwa ilikuwa karibu mara mbili ya niliyotajiwa mimi kwa kitu hicho hicho katika duka hilo hilo.

Tukaifungua pikipiki yake uani kwake jioni moja. Yeye ndiye aliyezigonga beringi zikatoka, mimi nilishika gurudumu. Akazifuta, akasoma, akapiga picha kwa simu, akaandika kwenye karatasi: 6301 2RS, mbili. Kesho yake akarudi dukani pale pale, kwa sababu ndipo karibu na mayai hayasubiri. Akaiweka karatasi juu ya kioo. Muuzaji akaisoma, akamtazama.

"Nani kakuandikia hii?"

"Imeandikwa kwenye beringi. Unayo huna?"

Alikuwa nayo. Dada akafungua pakiti zote mbili palepale, akasoma ubavuni, akazungusha kwa kidole akisikiliza kama zinakwaruza, ndipo akauliza bei. Ilishuka kwa elfu nne toka ile ya kwanza, na hakuwa ameomba punguzo.